Neno 'Mashambani' Lafumba Mengi

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Silanga huko Kibera, aliandika katika zoezi la isimujamii kwamba yeye hutoka kijijini. Mwenzake aliyekuwa akiisoma kazi hiyo alimsahihisha papo hapo: Silanga iko Nairobi, na Nairobi haina vijiji. Wote wawili walikuwa na hoja. Wakazi wa Kibera huziita sehemu zao vijiji: Lindi, Laini Saba, Gatwekera, Kisumu Ndogo, na Silanga yenyewe iliyo kando ya bwawa la Nairobi. Hata hivyo, mwanakijiji huyo huyo akiulizwa kwao ni wapi, aghalabu hatataja Silanga. Atataja Makueni, Siaya au Vihiga, na Desemba ikifika atasema anakwenda 'ushago', neno lililoingia Sheng kutoka Kikuyu. Wazee wengine bado husema anakwenda 'rizavu'.

Neno hilo la mwisho halikuzuka hivi hivi. Mnamo 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi mipaka ya maeneo waliyotengewa Waafrika, kila kabila na lake, ilhali nyanda za juu zenye rutuba zikahifadhiwa Wazungu. Huo ndio uliokuwa mgawanyo wa mashamba ya Kenya, na kipimo chake kilikuwa rangi ya ngozi. Kibera haikuingia vizuri katika mgawanyo huo. Ilikuwa makao ya askari Wanubi na jamaa zao, watu wasio na rizavu ya kurudishiwa, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Jamii hiyo ilipewa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017 tu, zaidi ya karne moja baada ya kufika hapo.

Uhuru ulibadili kipimo, haukuondoa mgawanyo. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 uliagiza fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye ardhi nzuri yenye mvua ya kutosha, kwa matumaini kwamba faida ingeenea kwingineko. Tangu hapo mashamba yetu yakawa ya aina mbili kuu: yenye uwezo mkubwa, na yale makame na nusu kame ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya nchi. Mvua ikawa imeshika nafasi ya ngozi. Ilibidi tungoje Katiba ya 2010, kifungu cha 204, ndipo ikaundwa Hazina ya Usawazishaji ya kupeleka maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizosahauliwa.

Lakini je, aina mbili zatosha? Vihiga huhesabiwa miongoni mwa sehemu zenye mvua nzuri. Sensa ya 2019 ilikuta huko zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita mraba, na vipande vya ardhi vimegawanywa hata haviwezi kulisha mwenye navyo. Ndiyo maana kijana wa Vihiga yuko Silanga akitafuta kibarua. Marsabit, kwa upande wake, haikuwa na watu hata 10 katika kilomita mraba. Kule shida si udogo wa shamba bali umbali wa kisima, wa zahanati na wa shule. Makueni nayo imo katika orodha ya kaunti kame pamoja na Mandera, ingawa mkulima wa maembe na mfugaji wa ngamia hawana hata msimu mmoja wa kazi unaofanana. Sijui ni kwa mantiki gani hao wote waitwe kwa neno moja, 'mashambani', kisha wapangiwe dawa moja.

Walimu wanaosoma safu hii wanafahamu jinsi jambo hili linavyogusa mfuko. Marupurupu yao ya nyumba hutegemea mahali pa kazi, na Nairobi ina daraja lake la juu peke yake. Marupurupu ya mazingira magumu nayo hutegemea orodha ya maeneo, na pendekezo la kuipanga upya orodha hiyo lilipozua mvutano mwaka 2025, vyama vya walimu vilikuwa na sababu ya kupaza sauti. Mpaka unaochorwa kwenye karatasi waweza kupita kati ya shule mbili zinazochota maji katika mto mmoja, huku mwalimu apate na kule mwenziwe akose. Nakubali kwamba orodha ya kale haiwezi kudumu milele, kwa kuwa kuna mahali palipofika lami na umeme. Ninachopinga ni kulipima eneo zima kwa neno moja, na kufanya hivyo shabaha ikiwa ni kupunguza gharama.

Kipimo kingeanza chini, katika kata ndogo: mtu hutembea muda gani kufika sokoni, maji hupatikana miezi mingapi, mwanafunzi huvuka mto gani, na nyumba ngapi huishi kwa fedha zinazotumwa kutoka mjini. Swali hilo la mwisho halimo katika mizani ya mvua, ilhali kuna vijiji huko Siaya ambavyo shamba lao halisi ni Silanga. Sensa hufanywa kila miaka 10, na wahesabuji hufika kila mlango. Maswali hayo yangeweza kuulizwa hapo, na orodha ikapitiwa kila matokeo yanapotoka.

Ama zoezi la mwanafunzi wangu, neno 'kijijini' sikulikata. Niliandika pambizoni: eleza ni kijiji cha aina gani.