Anayeomba Maji Uwanjani Si Mvivu

Katika viwanja vingi vya shule zetu, mwanafunzi anayesimama katikati ya mazoezi ya mbio kuomba maji huitwa mvivu, mlegevu au mtoto wa mama. Mimi si daktari wala kocha. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, najua kwamba jina tulipalo jambo ndilo huamua namna tutakavyolishughulikia. Tukiuita ugonjwa uvivu, tiba yake itakuwa kumkaripia mtoto azidishe mbio.

Wapenzi wa riadha watakumbuka Mbio za Nyika za Dunia zilizoandaliwa Mombasa mwezi Machi 2007. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa taji la mbio ndefu miaka mitano mfululizo, alijitoa katika mzunguko wa mwisho baada ya kulemewa na joto na unyevu wa pwani. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Nani atathubutu kumwita Bekele mvivu? Na ikiwa bingwa kama huyo alishindwa, sembuse mtoto wa kidato cha pili anayekimbizwa saa nane mchana mwezi wa Februari?

Misuli ya mkimbiaji huzalisha joto jingi, nao mwili hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ikijaa unyevu, jasho hudondoka tu bila kukauka. Isitoshe, maji yakipungua mwilini, uwezo wa kutoa jasho nao hupungua. Joto la ndani likipita nyuzi 40 za sentigredi, ubongo huanza kudhurika. Mkimbiaji hupepesuka, hukasirika bila sababu, husema maneno yasiyoshikana, na hatimaye huzirai.

Walimu wenzangu, yasikilizeni maneno hayo. Mtoto aliyekuwa akizungumza vyema na sasa anababaika hajalewa, hajapandwa na pepo, wala hajisingizii. Yumo katika hatari ya kufa. Apozwe kwanza, ndipo akimbizwe hospitali. Apelekwe kivulini na avuliwe nguo za ziada. Alazwe juu ya turubai, kingo zake ziinuliwe na watu kadhaa, kisha amwagiwe maji baridi mengi, kichwa chake kikishikiliwa juu ya maji. Asilazimishwe kunywa chochote akiwa hana fahamu timamu. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi.

Wapo watakaodai kwamba mabingwa wetu walikuzwa bila chupa za maji. Hoja hiyo huwahesabu waliofika kileleni pekee na kuwasahau walioanguka njiani. Wala sisemi mtoto ajazwe maji kama pipa. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza, na asilimia 13 kati yao wakapatikana na upungufu wa chumvi. Sababu moja kuu ilikuwa kunywa kupita kiasi. Lililo la busara ni mtoto kupewa nafasi ya kunywa kila baada ya dakika 20 hivi, naye anywe kadiri ya kiu yake.

Fauka ya hayo, mazoezi makali yafanywe asubuhi au jioni. Wanafunzi wanaoteremka kutoka Iten au Kapsabet kushindana pwani wafike mapema inapowezekana, kwani mwili huhitaji kati ya siku 10 na 14 kuzoea joto. Ikiwa ratiba hairuhusu, basi waandaaji wauanze ushindani alfajiri.

Mambo haya hayangoji wafadhili. Mtungi, vikombe, kivuli na turubai vinaweza kupatikana katika shule nyingi. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akisema kichwa kinamzunguka, msimcheke; mwiteni mwalimu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na hapa kinachodharauliwa ni uhai wa mtoto.