Masafa ya Redio na Bei ya Mnada

Neno "mnada" mnalijua: mtu hupaza sauti kutaja bei, na mwenye fedha nyingi huondoka na ng'ombe. Nchini Guatemala, sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliyafanya masafa ya redio yatolewe kwa namna hiyo hiyo. Mwenye dau kubwa ndiye apataye kusema hewani.

Ukiitazama juu juu, sheria hiyo haimbagui mtu. Lakini ni mkulima gani wa mahindi na maharagwe awezaye kushindana na kampuni ya mji mkuu? Huko Sumpango, makao ya Wakaqchikel, mojawapo ya jamii za Wamaya, palikuwa na Radio Ixchel, kituo kidogo cha wenyeji. Mwaka 2006 polisi waliingia wakachukua vifaa vyake kwa kuwa hakikuwa na kibali. Na kibali chenyewe kilikuwa mnadani! Maskini hufungiwa njia ya halali, kisha huadhibiwa kwa kutoipita.

Wapo wasemao kwamba wakulima hao wasikilize redio kubwa za Kihispania. Hoja hiyo siikubali. Guatemala ina lugha 22 za Kimaya, na habari za ugonjwa wa mazao au chanjo ya watoto hazimfai mama asiyeielewa lugha ya mtangazaji. Tena redio ya jamii si ya kusikiliza tu. Mkulima naye huketi mbele ya kipaza sauti akasema lake. Nanyi mnaojifunza Kiswahili mwajua ilivyo kunyamaza kwa kukosa msamiati, wala si kwa kukosa akili.

Jamii hizo zilishtaki. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba Guatemala ilikiuka uhuru wao wa kujieleza, usawa mbele ya sheria na haki ya kushiriki katika utamaduni wao. Ikaiamuru izitambue redio za jamii kisheria, izitengee sehemu ya masafa, na ikome kuwashtaki waendeshaji wake.

Kwangu mimi, agizo hilo la mwisho ndilo la kutangulizwa. Bunge laweza kuchukua miaka kutunga sheria. Polisi kuacha kubeba vifaa vya studio ya kijiji hakuhitaji kungoja kikao chochote.