Mtoto akikataa chakula, usishindane naye

Wewe unayelea mtoto wa miaka 2, wako ama wa ndugu yako, hebu niambie ukweli: mara ya mwisho kushindwa na sahani ya chakula ilikuwa lini?

Mimi ni juzi. Dada yangu huniachia mwanawe akienda job. Jioni nikampa chapati na ndengu, chapati nikaikata vipande ili asisumbuke. Kosa! Kumbe aliitaka nzima. Akajitupa sakafuni, ndengu zikarukia kochi, na ploti yote ikajua anko ameshindwa na kazi.

Manze, nilipandwa na hasira. Bei ya unga si unaijua? Nikainua mkono. Mtoto akafunika uso kabla sijamgusa. Nikaishiwa nguvu. Mkono ule aliujua tayari, na aliyemfunza ni mimi.

Ndiyo maana nasema, vita vya chakula ukivishinda kwa kofi hujashinda kitu. Mtoto wa umri huo hakudharau. Maneno hana, njaa inamuuma, amechoka, na sehemu ya ubongo inayozuia hasira bado ni changa. Kitu pekee anachokitawala nyumbani humo ni mdomo wake: aufungue ama aufunge.

Kwa hivyo pumua kwanza. Chuchumaa, mwambie kwa sauti ya chini: "Ulitaka nzima. Pole." Usimhubirie, anapolia hakusikii. Kama anarusha sahani, iondoe, kisha ukae karibu naye ungoje. Akitulia, mrudishie chakula kile kile. Akikataa tena, sawa, saa ya mlo mwingine itafika. Lakini usikimbie dukani kuleta biskuti, maana kesho atalilia biskuti.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi hii vizuri: mzazi aamue chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto aamue kama atakula, na kiasi gani. Ila akikataa kula siku nzima ama akianza kukonda, mpeleke kliniki. Huo si ukaidi.

Utaniambia, "Sisi tulichapwa na tukakula." Kweli. Lakini ni wangapi kati yetu wakiona uji hadi leo hukumbuka mwiko?

Jana nilimpa chapati nzima. Alikula robo. Iliyobaki nikaimaliza mimi, kimya kimya.