Zamu ya Mwenzio Iishe
Treni za michezo, zile za kupanda na kuporomoka, hukimbia kadhaa kwenye reli moja bila kugongana. Reli imegawanywa vipande: treni haiingii kipande mpaka ya mbele itoke, isipotoka, breki huikamata ya nyuma. Wakulima wa Nizwa, Oman, walilijua hilo zamani. Maji ya Falaj Daris, mfereji wa umwagiliaji uliomo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, hugawanywa kwa athar, zamu ya takriban nusu saa. Wazee walipima mchana kwa kivuli na usiku kwa nyota. Zamu ya mmoja huisha ndipo ya jirani huanza. Tofauti ni hii: treni huzuiwa na breki, mkulima huzuiwa na haya. Tuitunze haya.