Pikipiki ya Kwendea Kazini: Tuchague kwa Hesabu

Pikipiki imeingia katika vijiji vyetu vingi. Inampeleka mgonjwa zahanati. Inabeba mbegu na mbolea. Inamfikisha mwalimu shuleni. Leo tuzungumze juu ya pikipiki inayonunuliwa kwa fedha za kijijini, lakini itatumika mjini. Ni pikipiki ya kijana wetu, wa kike au wa kiume, aliyepata kazi Dar es Salaam.

Kijana huyo amepanga chumba mbali na kazini, kwa sababu vyumba vya karibu vina kodi kubwa. Kila asubuhi anasubiri gari. Gari likija limejaa. Akichelewa, anakatwa mshahara. Mwisho anaomba msaada nyumbani, na wazee wanakaa kushauriana. Labda auzwe ng'ombe. Labda yauzwe magunia ya mahindi. Labda kiuzwe kipande cha shamba.

Katika kikao kama hicho swali la kwanza huwa, "Bei gani?" Maoni yangu ni kwamba hilo si swali la kwanza. Pikipiki mbovu ya bei ndogo inaweza kula mshahara wa kijana kila mwezi. Pikipiki kubwa yenye mbio inaweza kumfikisha hospitali badala ya kazini. Tuchague pikipiki kwa safari itakayofanya, kwa gharama yake ya kila mwezi, na kwa namna inavyosimama. Bei ya dukani ije baadaye.

Je, pikipiki inahitajika?

Kwanza tumwulize kijana: Unakaa wapi, na unafanya kazi wapi? Kati yake kuna kilomita ngapi?

Tuchukue mfano wa mtu anayekaa Kimara na kufanya kazi karibu na Kivukoni. Tangu mwaka 2016 njia hiyo ina mabasi yaendayo haraka. Mabasi hayo yamejengewa barabara yake peke yake. Pikipiki hairuhusiwi kupita humo. Mtu huyu apime vizuri. Huenda basi, pamoja na msongamano wake, likawa nafuu kwake.

Lakini yuko mwingine anayekaa ndani sana, mahali ambapo lazima apande magari mawili au matatu. Yuko mpishi anayeanza kazi saa kumi ya alfajiri, kabla magari hayajawa mengi. Yuko mlinzi anayetoka kazini usiku. Watu hawa wana haja ya kweli. Haja ya kweli ndiyo sababu nzuri ya kuuza ng'ombe. Kutaka kuonekana na wenzake si sababu.

Injini kubwa au ndogo?

Ukubwa wa injini hupimwa kwa cc. Kipimo hicho kinaonyesha ukubwa wa nafasi iliyo ndani ya silinda. Cc zikiwa nyingi, kwa kawaida injini ina nguvu zaidi, na inakunywa mafuta zaidi.

Huko Ulaya kuna vipikipiki viitwavyo mopedi. Zamani mopedi ilikuwa na pedeli kama baiskeli, na mpandaji aliisaidia injini kwa miguu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mopedi ya petroli haizidi cc 50, wala mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Kwa mitaa ya utulivu inatosha. Lakini kijana wetu atapita katika Barabara ya Mandela au Barabara ya Morogoro. Huko kuna malori makubwa yanayotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo. Injini dhaifu mno itampa taabu ya kuondoka mbele ya lori.

Kwa upande wa pili, cc 200 au 250 ni nyingi mno kwa mtu mmoja anayekwenda kazini. Mwendo wa juu kabisa katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Nguvu nyingine yote atainunua, atailipia mafuta, lakini hana mahali pa kuitumia kwa halali. Kwa maoni yangu pikipiki ya cc 100 hadi 125 inatosha.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kijana anasafiri kilomita 15 kwenda na 15 kurudi. Hizo ni kilomita 30 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, atasafiri kilomita 780. Tuseme pikipiki ndogo inakwenda kilomita 50 kwa lita moja. Itatumia lita 15 na nusu, au zaidi kidogo. Tuseme pikipiki kubwa inakwenda kilomita 30 kwa lita. Itatumia lita 26. Tofauti ni lita 10 na zaidi kila mwezi. Kwa mwaka ni kama lita 125. EWURA hutangaza bei za kikomo za mafuta kila mwezi. Chukua bei ya lita moja, uizidishe kwa 125. Jibu utakalopata ni fedha zinazotoka kwenye ekzosi kila mwaka bila faida yoyote.

Sasa zipo pia pikipiki za umeme. Hazitumii petroli, na hazina oili ya injini ya kubadili. Mjini Kigali, Rwanda, tangu mwaka 2019 zimekuwapo pikipiki za umeme ambazo betri ikiisha nguvu hubadilishwa kituoni, na safari inaendelea. Ni jambo jema. Lakini uliza kwanza: kituo cha kubadilisha au kuchaji betri kiko wapi? Kama hakiko katika njia ya kijana, na chumba chake hakina umeme wa uhakika, asinunue bado.

Gurudumu na breki

Ukienda Unguja utaona vespa nyingi. Jina hilo limetoka Italia, ambako kampuni ya Piaggio ilianza kutengeneza pikipiki za Vespa mwaka 1946. Vespa nyingi za siku hizi hazina klachi wala gia za kubadili. Ina nafasi ya kuweka miguu mbele. Mwenye sketi au kanga hukaa vizuri. Dada zetu wengi huipenda kwa sababu hizo.

Lakini tazama gurudumu lake. Ni dogo. Mara nyingi kipenyo chake ni inchi 10 au 12. Gurudumu la pikipiki ya kawaida ni inchi 17 au 18. Gurudumu dogo huzama zaidi katika shimo. Kama njia ya kijana ni ya lami nzuri mpaka mlangoni, vespa itamfaa. Kama anakaa katika mtaa wa mashimo, na wakati wa masika unajaa tope, achukue gurudumu kubwa.

Halafu akae juu ya kiti. Nyayo zake zote mbili ziguse chini. Asipofika chini, pikipiki itamwangusha siku ya kwanza kwenye foleni.

Kisha tutazame breki. Watu wengi huuliza, "Inakimbia kiasi gani?" Wachache huuliza, "Inasimama namna gani?" Tufikiri kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, pikipiki inapita mita 10 kila sekunde. Kwa kilomita 54 inapita mita 15 kila sekunde. Mtoto akikatiza barabara, mpandaji hutumia kama sekunde moja kuona na kushika breki. Katika sekunde hiyo pikipiki imekwisha kula mita 10 au 15. Halafu ndipo breki inaanza kufanya kazi. Na nguvu ambayo breki inapaswa kuizuia katika mwendo wa 54 ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mwendo wa 36.

Kwa hiyo breki nzuri si pambo. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki. Wengi huiogopa na kutumia ya nyuma tu. Kijana ajifunze kutumia zote mbili pamoja, kwa kubana polepole, bila kushtua. Wahenga walisema, kawia ufike.

Fundi na vipuri

Pikipiki yoyote huharibika. Cheni hulegea, plagi hufa, tairi huisha. Jambo la maana ni kama fundi wa mtaani kwake anaijua, na kama vipuri vyake vinapatikana. Pikipiki zinazotumiwa na watu wengi mjini, kama Boxer ya Bajaj na zile za TVS kutoka India, zina faida hiyo. Pikipiki ngeni yenye sura nzuri inaweza kulala wiki tatu ikingoja kipuri kimoja. Wiki hizo tatu kijana anarudi kwenye daladala, na deni la pikipiki linaendelea.

Kama ananunua iliyotumika, aende na fundi wake mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Aiwashe ikiwa baridi. Aangalie kama inatoa moshi wa buluu, maana huo ni dalili ya oili kuungua ndani. Tena asome kadi ya pikipiki. Hapa, ndugu msomaji, ndipo kusoma kunapokuokoa. Namba ya injini na namba ya chesesi zilizo kwenye kadi ziwe sawasawa na zile zilizochongwa kwenye pikipiki. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayeuza. Kama si sawa, rudisha fedha mfukoni. Huenda ni mali ya wizi.

Kichwa ni kimoja

Duniani, zaidi ya nusu ya watu wanaokufa kwa ajali za barabarani ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Mwenye gari amezungukwa na bati. Mwenye pikipiki amezungukwa na hewa.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kofia ngumu iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 40 hivi, na hatari ya majeraha makubwa ya kichwa kwa asilimia 70 hivi. Maana yake ni hii. Kama watu 10 wangekufa kwa kukosa kofia, karibu 4 wangepona kwa kuivaa. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye mkono wa pikipiki haimwokoi mtu. Hata iliyovaliwa bila kufunga mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Kwa hiyo nasema: kofia ngumu si kitu cha kununua baadaye. Ni sehemu ya bei ya pikipiki. Vivyo hivyo ada ya kujifunza kuendesha, leseni, usajili na bima. Kumbuka pia kwamba bima ndogo ya lazima ni kwa ajili ya mtu mwingine utakayemdhuru. Haitengenezi pikipiki yako. Familia inayotoa fedha za pikipiki tu, bila kofia na mafunzo, haijamsaidia kijana. Imemtuma barabarani uchi.

Taslimu au mkopo?

Tuchukue mfano mmoja. Tuseme pikipiki inauzwa shilingi 2,800,000 taslimu. Mwenye duka anasema, "Kama huna, chukua sasa, ulipe 60,000 kila wiki kwa wiki 60." Shilingi 60,000 zinaonekana kidogo. Zidisha. Jibu ni 3,600,000. Amelipa 800,000 zaidi.

Sisemi mkopo ni mbaya. Mtu asiye na njia nyingine anaweza kuuchukua. Lakini auchukue akiwa amekwisha kuhesabu. Tena mkataba usomwe wote kabla ya kutia sahihi. Uangaliwe unasema nini mtu akishindwa kulipa wiki mbili. Je, ananyang'anywa pikipiki pamoja na fedha zote alizokwisha lipa? Asiyejua kusoma vizuri asione haya kumwomba mwenzake amsomee. Aibu ya dakika kumi ni afadhali kuliko hasara ya mwaka mzima.

Ndugu msomaji, ng'ombe mmoja aliuzwa mara moja tu. Hawezi kurudi zizini kwa kuwa pikipiki haikufaa. Kwa hiyo, katika kikao cha familia, chukueni kalamu na karatasi. Andikeni kilomita za kila siku. Andikeni lita za mwezi. Andikeni kofia, leseni, bima na fundi. Andikeni malipo yote ya mkopo, si ya wiki moja. Mkimaliza, andikeni bei ya pikipiki chini kabisa, kisha mjumlishe. Kama jumla hiyo ni ndogo kuliko faida atakayopata kijana, mpeni fedha na mumtakie safari njema. Kama ni kubwa, mwambieni asubiri, au ahamie chumba kilicho karibu na kazi. Kijana mwenye akili ataelewa, maana mtamwonyesha hesabu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mwandishi anasema bei ya dukani si swali la kwanza? Unakubaliana naye?
2. Mtu anasafiri kilomita 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Pikipiki yake inakwenda kilomita 50 kwa lita. Atatumia lita ngapi kwa mwezi?
3. Taja vitu vitatu vya kuangalia unaponunua pikipiki iliyotumika.
4. Katika kijiji chenu, ni wapanda pikipiki wangapi wanaovaa kofia ngumu? Mfanye nini ili wote wavae?