Saratani ya matiti: Kidonda hupona, majonzi hubaki bila tabibu

KATI ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Upanga, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo kando ya bahari katika barabara ambayo tangu mwaka 2013 imepewa jina la Barack Obama, hakuna umbali mkubwa. Kwa gari ni mwendo wa dakika chache, ikiwa foleni haijashika. Lakini kwa mwanamke aliyeondolewa titi, safari hiyo ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani ya jiji. Muhimbili ndiko wengi hufanyiwa upasuaji, na Ocean Road ndiko huendelea na dawa na mionzi. Katikati ya milango hiyo miwili kuna maisha yenyewe: chumba cha kupanga, mume, watoto, majirani, meza ya biashara Kariakoo, na kioo ambacho mgonjwa hataki tena kukitazama.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo mijadala ya saratani nchini hulipita kwa haraka. Ni nani mwenye jukumu la kutibu hofu, aibu na majonzi ya mgonjwa baada ya daktari kumaliza kushona kidonda?

Ukubwa wa tatizo si wa kubahatisha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti duniani, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Nchini Tanzania ni saratani ya pili kwa kuwapata wanawake, ikitanguliwa na ile ya shingo ya kizazi. Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilibainisha kuwa takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugundulika ugonjwa ukiwa umefikia hatua ya tatu au ya nne.

Takwimu hiyo ya mwisho husomwa kwa kawaida kama ushahidi wa uhaba wa elimu na wa vipimo. Ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Mwanamke anayeugusa uvimbe kila anapooga, na bado akakaa nao miezi kadhaa, hakukosa taarifa tu. Anaogopa, na haogopi kifo peke yake. Anaogopa kukatwa titi, kuachwa na mumewe, kunong'onwa mtaani kwamba karogwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema huyo mficha maradhi ana nani wa kumwambia.

Hofu hiyo huzaa kile kile kinachoogopwa. Upasuaji wa kuondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua ulienezwa na daktari wa Kimarekani, William Halsted, mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miongo mingi ulichukuliwa kuwa ndiyo njia pekee. Mwaka 1985 utafiti ulioongozwa na Bernard Fisher, pia wa Marekani, ulithibitisha kuwa kwa ugonjwa uliowahiwa, kuondoa uvimbe tu na kufuatisha mionzi humpa mgonjwa nafasi ya kuishi sawa na yule aliyeondolewa titi lote. Lakini nafasi hiyo ni ya anayewahi. Anayechelewa kwa kuogopa kupoteza titi, mara nyingi ndiye anayelipoteza.

Baada ya upasuaji huanza sura ya pili. Mchukulie mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo. Kazi yake ni ya mwili: kusimama kutwa, kuinua marobota, kunyoosha mkono kuteremsha kitambaa cha juu. Akiwa ameondolewa na tezi za kwapani, mkono unaweza kuvimba, na huambiwa asibebe vizito. Dawa za saratani huweza kumpukutisha nywele. Sidiria huijaza vitambaa ili upande mmoja usionekane bapa, naye hutwa akijishika kifuani kwa wasiwasi kwamba vimehama. Meza ikifungwa kwa matibabu, mtaji unaliwa. Mchango wa kikundi cha kuweka na kukopa ukikosekana mara mbili, hata wenzake wa karibu huanza kumkwepa, au yeye huanza kuwakwepa.

Nyumbani huambiwa ajikaze na amshukuru Mungu kuwa yu hai. Maneno hayo hutolewa kwa nia njema, lakini humfungia mdomo. Asiyelala usiku, asiyekula, anayelia chooni ili watoto wasisikie, anaweza kuwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka yenyewe. Huo ni ugonjwa unaotibika. Usipotibiwa, hugeuka kuwa hatari kwa mwili, kwa kuwa mgonjwa aliyekata tamaa ndiye mwepesi wa kuacha dawa katikati. Upasuaji uliogharimu muda wa madaktari na fedha za familia unaweza kupotea bure kwa sababu hakuna aliyemuuliza mgonjwa analalaje.

Wapo wanaodhani kuwa haya ni mambo ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba huduma ya kwanza ya hospitali kwa afya ya akili ya wagonjwa wa saratani inayotajwa sana ni ile iliyoanzishwa mwaka 1977 na Dk Jimmie Holland jijini New York. Lakini miaka 25 kabla yake, mwaka 1952, mgonjwa wa kawaida wa jiji hilo hilo, Terese Lasser, alianza kuwatembelea vitandani wanawake waliotoka kuondolewa matiti, kwa kuwa yeye mwenyewe alikwishapita njia hiyo. Hakuwa daktari. Alikuwa na nguo iliyomkaa vizuri, mazoezi ya mkono ya kuonyesha, na jibu la swali ambalo wagonjwa waliona haya kumuuliza mpasuaji.

Tanzania nayo haina haja ya kwenda mbali kujifunza. Katika mapambano dhidi ya Ukimwi, taifa lilijifunza kwa uchungu kwamba dawa bila mazungumzo haitoshi. Waathirika na jamaa zao walipokuwa wakitengwa, ilianzishwa WAMATA mwaka 1989, na mwaka 1992 ikafuata PASADA chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam. Vituo vya Angaza, vilivyoanza mwaka 2001, viliyafanya maneno "ushauri nasaha" kuwa ya kila siku hata kwa makondakta wa daladala. Mtu alizungumziwa kabla ya kipimo na baada ya kipimo, na aliyekwishapokea majibu kama yake akawa mwalimu wake.

Saratani ya matiti haijapewa uzito huo. Kampeni ya uchunguzi iliyoanzishwa na Chama cha Madaktari Wanawake (MEWATA) jijini Dar es Salaam mwaka 2005 ilifungua mlango, na kila Oktoba wanawake huhimizwa kujichunguza. Lakini kampeni nyingi huishia kwenye kugundua uvimbe. Yanayofuata baada ya titi kuondolewa huachiwa familia.

Hoja ya uhaba wa wataalamu haikwepeki. Madaktari wa akili nchini ni wachache, na wauguzi wamezidiwa na foleni. Hata hivyo, mjini Harare, Zimbabwe, mpango ulioanza mwaka 2006 uliwafundisha wanawake wazee wa mitaani kuwasikiliza wenye sonona wakiwa wameketi nao kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kinachotakiwa Dar es Salaam ni kidogo na kinajulikana. Kabla ya upasuaji, mgonjwa na mumewe au ndugu yake waketishwe na kuelezwa nini kitaondolewa na nini kitabaki. Mwanamke aliyepona afike kitandani kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka. Katika kila siku ya kliniki aulizwe, pamoja na uzito na shinikizo la damu, mzigo wa moyoni ni kiasi gani kati ya 0 na 10, na anayetaja namba kubwa aelekezwe kwa ofisa ustawi wa jamii au daktari wa akili. Titi la kitambaa lililoshonwa kwa kipimo si jambo la kuagiza ng'ambo katika jiji ambalo Kariakoo yake imejaa mafundi cherehani.

Aidha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wanaopanga mafao yake wanayo nafasi ya kuuhesabu ushauri nasaha kuwa sehemu ya tiba ya saratani, kama ulivyohesabiwa katika Ukimwi. Mwanamke aliyeko Kariakoo leo na uvimbe anaouficha huwatazama waliotangulia. Akiona kwamba jirani yake aliondolewa titi, akasaidiwa, akarudi kwenye meza yake na kucheka na wateja, huenda naye akapanda daladala kwenda hospitali kabla hajachelewa.