Meno ya kauri, na gego la miaka 6

Mama zangu wa Usevya, tuendelee na meno. Mmeniuliza sana kuhusu meno ya kauri. Ni mazuri kweli: unga maalumu unachomwa kwenye tanuru, rangi inafananishwa na jino lako, na kauri yenyewe haiozi. (Jino lililo chini ya kofia linaoza vizuri tu usipopiga mswaki.)

Ila daraja la kuziba pengo kwa kawaida linadai kuchonga meno mawili mazima ya pembeni. Yakishachongwa, hayarudi.

Na pengo lenyewe mara nyingi lilianza utotoni. Kwenye miaka 6 hivi mtoto anaota gego nyuma ya meno ya utoto. Halikungoa lolote, basi mnadhani nalo ni la utoto. Likitoboka: "Nesi, ng'oa tu, litaota lingine." Haliotiii, dada! Ndilo la maisha.

Tundu dogo huzibwa kwa siku moja. Mimi naona nauli ya kwenda Mpanda kuziba ina maana kuliko kuja kutafuta kauri ukubwani.

Leo usiku washa tochi ya simu, hesabu kutoka katikati, jino la sita. Ukiona doa jeusi, mlete.